Ubao wa Matangazo Mlangoni pa Kanisa

Somo: Nehemia 1:1–4, 3:1–32



Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Nehemia. Mtu huyu alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, mwenye kazi ya heshima, akikaa katika ngome ya Shushani, mbali sana na Yerusalemu. Siku moja akafika Hanani, mmoja wa ndugu zake, pamoja na watu wengine kutoka Yuda, naye Nehemia akawauliza habari. Angalieni, wapendwa: yeye ndiye aliyeuliza. Wakamweleza kwamba waliosalia kule wamo katika dhiki na aibu, ukuta umebomoka na malango yameteketea kwa moto. Akaketi, akalia, akafunga, akasali. Kisha akamwomba mfalme ruhusa, akaenda.

Katika sura ya tatu twakuta orodha ndefu ya majina, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu inachosha. Fulani alijenga sehemu hii, na baada yake fulani akajenga ile. Mimi naipenda orodha ile. Ndani yake wamo wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Wamo makuhani, kila mmoja akijenga palipoelekea nyumba yake mwenyewe. Na wamo wakuu wa Tekoa, ambao Maandiko yasema waziwazi kwamba hawakuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Hata hilo liliandikwa, likabaki.

Leo nataka tuitazame orodha hiyo kwa kupitia mahali ambapo pengine hamkupatarajia, yaani parokia za vijijini Uingereza. Si mahali pageni kwetu kabisa. Tangu mwaka 1883 Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini pale Unguja, ilitoa jarida la kila mwezi lililoitwa Central Africa. Jarida hilo lilipeleka habari za Unguja, Magila, Masasi na Likoma hadi katika nyumba za makasisi na waumini wa kule. Watu ambao hawakupata kuiona bahari yetu walisoma habari zetu, wakatoa fedha zao. Kwa hiyo si vibaya nasi tukiuliza habari zao, kama Nehemia alivyouliza.

Ukifika katika kijiji cha Kiingereza utaona kanisa la mawe, aghalabu lenye umri wa miaka mia kadhaa, na mbele ya mlango wake kibaraza kidogo chenye paa. Humo, au nje kando ya lango, umo ubao wa matangazo. Utakuta saa za ibada, na zamu za kupamba maua altareni. Utakuta tangazo la mkutano, ombi la watu wa kufyeka nyasi makaburini, na pengine picha ya paka aliyepotea. Mgeni huweza kucheka. Lakini ubao ule una ukoo mrefu. Mwaka 1538, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iweke kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo mtoto wa kibarua aliandikwa katika kitabu kimoja na mtoto wa bwana mwenye mashamba. Ndoa zilitangazwa kanisani kwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme. Hata kodi na mikutano ya parokia ilitangazwa katikati ya ibada, mpaka sheria ya mwaka 1837 ilipoagiza kwamba matangazo ya namna hiyo yaandikwe na kubandikwa mlangoni. Nadhani makasisi walishukuru.

Na wasiojua kusoma walikuwa na kengele. Katika parokia nyingi, mtu alipofariki kengele iligongwa tatu mara tatu kwa mwanamume, au mbili mara tatu kwa mwanamke, kisha ikafuata milio kwa hesabu ya miaka ya marehemu. Mkulima shambani aliacha jembe, akahesabu, na kabla kengele haijanyamaza alikwisha kujua ni nani. Fikirini maana yake, wapendwa. Ili uweze kumtambua marehemu kwa idadi ya miaka yake, ilikupasa kwanza kuwajua walio hai.

Baadaye likaja gazeti la parokia. Mnamo Januari 1859 kasisi mmoja wa mji wa Derby, John Erskine Clarke, alianza kuchapisha jarida la Kikristo ambalo kila parokia nchini iliweza kulifunika kwa kurasa zake yenyewe zenye habari za mahali pale. Mpaka leo parokia nyingi zina gazeti lao, dogo, lenye matangazo ya fundi bomba na muuza kuni, na waumini hulipeleka kwa mkono nyumba hadi nyumba, hata kwa wasiosali.

Hata hivyo sitaki mfikiri kwamba nawasifia watu wa zamani. Kumjua jirani si sawa na kumpenda, na parokia ya Kiingereza ni shahidi mkubwa wa jambo hilo. Sheria ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia iteue wasimamizi wa maskini, itoze kodi, na kuwatunza wasiojiweza wa mahali pale. Ilikuwa sheria njema kwa nia yake. Lakini mara kila parokia ikaanza kuuliza: je, maskini huyu ni wetu kweli? Ndipo mwaka 1662 ikatungwa sheria ya ukaazi. Mgeni aliyepanga nyumba ya kodi isiyofika pauni 10 kwa mwaka, akidhaniwa kwamba huenda akawa mzigo, aliweza kushtakiwa katika muda wa siku 40 na mahakimu wakaamuru arudishwe alikotoka. Kwa kuwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alimozaliwa, wako wanawake wajawazito waliosukumwa kuvuka mpaka, wengine katika siku zao za mwisho za kujifungua, ili mtoto asije akaandikwa katika daftari la parokia hiyo. Na sheria ya mwaka 1697 ikaamuru kwamba anayepokea msaada avae begani, katika mkono wa kuume wa vazi lake, kitambaa chenye herufi P pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake. Alama hiyo haikufutwa kisheria hadi mwaka 1810. Basi muumini alipoingia kanisani Jumapili alijua upesi nani maskini. Ilimtosha kutazama mabega.

Hizo nazo zilikuwa habari za mahali, sahihi kabisa, zenye majina na hesabu. Kila mmoja alijua. Hakuna aliyeweza kusema hakuarifiwa. Ujuzi wote ule ulitumika kuchora mpaka na kumwacha mwenye shida upande wa pili.

Sasa nisikilizeni niwaeleze mpaka mwingine, wa miaka ileile.

Katika jimbo la Derbyshire, kwenye nchi ya vilima, kiko kijiji kiitwacho Eyam. Mwishoni mwa kiangazi cha 1665, London ikiwa inateketea kwa tauni, furushi la nguo lililotoka huko lilifika katika nyumba ya mshona nguo wa kijiji. Inasimuliwa kwamba nguo zilikuwa na unyevu na viroboto, na kwamba msaidizi wa mshonaji, George Viccars, alizianika mbele ya moto. Mwanzoni mwa Septemba alikuwa ameshazikwa. Wakafuata wengine wa nyumba ileile, kisha majirani. Wakati wa baridi ugonjwa ukapungua, watu wakapumua. Kufika Juni 1666 ukarudi kwa nguvu.

Kasisi wa parokia alikuwa kijana, William Mompesson, ambaye hakuwa amekaa pale miaka mingi, na wanakijiji hawakumwamini sana. Yule waliyemwamini alikuwa mtangulizi wake, Thomas Stanley, Mpuritani, aliyeondolewa katika utumishi kwa kukataa kukubali Kitabu cha Sala kama sheria ya 1662 ilivyotaka. Yaani mwaka uleule uliotoa sheria ya kuwafukuza maskini ndio uliomfukuza pia mzee huyu madhabahuni. Watu wawili wa namna hiyo walikuwa na kila sababu ya kupishana njiani bila salamu. Lakini Mompesson alimwendea Stanley. Wakasimama pamoja mbele ya watu na kuwaomba jambo zito: mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji, ili tauni isienee katika vijiji na miji ya jirani.

Waliafikiana mambo matatu. Maziko yasifanyike tena katika uwanja wa kanisa, bali kila jamaa wazike wafu wao karibu na kwao. Ibada ihamie nje, katika bonde dogo liitwalo Cucklet Delf, ambamo jamaa ziliweza kusimama mbalimbali. Na mpaka ufungwe. Kwenye mpaka palikuwa na jiwe lililotobolewa vishimo. Wanakijiji waliweka humo fedha katika siki, na watu wa nje wakaacha chakula hapo na kuondoka. Mtawala wa Devonshire, aliyekuwa na jumba lake Chatsworth si mbali na hapo, alisaidia kupatikana kwa mahitaji.

Mwezi wa Agosti ulikuwa mbaya kupita yote. Mwanamke aitwaye Elizabeth Hancock, aliyekaa katika shamba la Riley nje kidogo ya kijiji, alimzika mumewe na watoto wake sita katika muda wa siku nane, kwa mikono yake. Makaburi yao yapo mpaka leo. Mwezi huohuo alifariki Catherine, mke wa kasisi, aliyekataa kuondoka na kumwacha mumewe. Ugonjwa ulipokoma mnamo Novemba, wafu walioandikwa walikuwa yapata 260.

Wanahistoria wa siku hizi hubishana juu ya masimulizi haya. Wengine husema kwamba kizazi cha baadaye kiliyapamba, na kwamba wenye uwezo walikuwa wameshaondoka mapema. Ni kweli pia kwamba Mompesson mwenyewe aliwapeleka watoto wake wawili kwa jamaa zao kabla mpaka haujafungwa. Mimi simlaumu, wala simtetei. Baba yeyote anayenisikiliza ataelewa. Kitabu cha maziko chabaki kama kilivyo, na jiwe la mpaka lipo. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hufanya ukumbusho wao huko Cucklet Delf.

Wahenga wetu walisema: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Watu wa Eyam walikubali kufa kwa ajili ya wasiozaliwa nao wala kula nao, watu wa vijiji vingine ambao pengine waligombana nao juu ya malisho. Ilianza na habari: furushi limekuja, mtu amekufa, na wa pili, na wa tatu. Wangeweza kuificha. Miji mingi imepata kuficha habari ya tauni kwa ajili ya biashara. Wao waliipokea, wakakutana, na kila mtu akajua sehemu yake ya ukuta ni ipi. Mwenye kuoka mkate katika kijiji cha jirani naye alijua sehemu yake, akaubeba hadi kwenye jiwe.

Turudi katika siku za karibu zaidi. Mwaka 1894 Bunge la Uingereza lilitenga mambo ya serikali ya kijiji na mambo ya kanisa. Likaanzisha mabaraza ya parokia yenye kuchaguliwa na watu, na wanawake, hata walioolewa, wakapata kura na nafasi ya kuchaguliwa humo, miaka mingi kabla hawajaweza kupiga kura ya Bunge. Mabaraza hayo leo, pamoja na yale ya miji midogo, ni yapata 10,000 katika Uingereza peke yake, bila kuhesabu Welisi wala Uskochi. Kazi zao ni zile ambazo hakuna anayezitungia wimbo: makaburi, taa, njia za miguu, vibanda vya kungojea basi, viwanja vya watoto kucheza. Kila mwaka, kati ya tarehe 1 Machi na tarehe 1 Juni, hufanyika mkutano wa parokia, ambamo kila mpiga kura wa mahali pale ana haki ya kuingia na kusema, kama ilivyo katika mkutano mkuu wa kijiji kwetu.

Na kama kwetu, viti vingi hubaki vitupu. Mara nyingi wanaojitokeza kugombea ni wachache kuliko nafasi zilizopo, hata uchaguzi hauhitajiki, na baraza huwaalika watu kujaza mapengo. Tangazo lilibandikwa. Watu walilisoma. Halafu wakaenda nyumbani, na mwezi uliofuata wakalalamika kwamba taa ya njia panda haiwaki. Hao wakuu wa Tekoa, wapendwa, wana wajukuu katika kila nchi.

Mambo mengine yamekuwa mazito zaidi. Tangu mwaka 2005 magazeti ya mahali zaidi ya 200 yamefungwa Uingereza, na pamoja nayo waandishi waliokuwa wakikaa nyuma ya ukumbi wa baraza na kuandika nani alisema nini. Duka la kijiji hufungwa, basi huondolewa, kasisi mmoja hutunza makanisa sita au zaidi. Mtu wa kijijini huweza kujua kwa simu yake ya mkononi habari za vita na za wachezaji wa mpira duniani kote, asijue kwamba mzee wa nyumba ya tatu ametoka hospitali juzi na hana wa kumpikia.

Lakini wako waliokataa kukaa tu. Ziko parokia ambazo, duka lao la mwisho lilipotaka kufungwa, watu waliitana ukumbini, wakanunua hisa kidogo kidogo, wakalifanya kuwa duka lao. Maduka ya namna hiyo sasa ni zaidi ya 300. Kila mwenye hisa ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na wengi wa wauzaji ni watu wanaojitolea kwa zamu. Mjane aendaye kununua maziwa huulizwa hali yake. Asipofika siku mbili, mtu humwendea. Mengine yamewekwa ndani ya kanisa lenyewe, upande wa nyuma, na baadhi ya waumini walinung'unika. Binafsi sioni ubaya, maadamu madhabahu yaheshimiwa na mizani ni ya haki.

Ilipofika Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nchi na hata milango ya makanisa, katika vijiji vingi zilipita karatasi ndogo chini ya milango. Ziliandikwa jina la jirani, namba ya simu, na maneno machache: ukihitaji dawa au mkate, nipigie. Aliyeandika hakuwa lazima mtu wa dini. Kazi yake ilikuwa ileile ya jiwe la Eyam, kwamba kitu kinaachwa mpakani na mtu aliye ndani anapona. Zile parokia ambazo tayari zilikuwa na gazeti, na orodha ya nyumba, na mtu aliyezoea kubisha hodi kila mwezi, hazikupoteza muda kutafuta nani anakaa wapi.

Ndugu msikilizaji, na wewe kwenye kigango chako au mtaa wako unayo matangazo. Husomwa mwisho wa ibada, wakati wengi wameshaanza kutafuta viatu vya watoto. Mama fulani amelazwa. Paa la darasa limeezuliwa na upepo. Jumamosi ni siku ya kusafisha kisima. Vijana wawili watatangazwa kwa mara ya pili. Nakuomba Jumapili ijayo ukae, uyasikilize kama ulivyosikiliza somo. Halafu mwulize jirani yako swali la Nehemia: habari za kwenu? Na akianza kujibu, usitazame saa.

Lakini jihadhari na jambo moja. Habari ya shida ya mtu ina mahali inapopasa kwenda, nako ni kwa yule awezaye kusaidia, na kwa Mungu katika sala. Ikienda kwengineko, kwenye baraza za umbea, inakuwa ile herufi begani. Mwenye shida hujua upesi imekwenda wapi. Huiona machoni pa watu anapoingia kanisani.

Tuombe. Ee Bwana, tunawaweka mbele yako makarani wa mabaraza madogo na wenyeviti wa vijiji, wanaoitisha mikutano isiyohudhuriwa. Tunawaweka mbele yako wapeleka barua na wabeba magazeti ya parokia, wanaotembea mvuani. Uwakumbuke wafu wa Eyam, walioandikwa na wasioandikwa, na yule mama wa Riley. Umkumbuke mgonjwa aliyetajwa leo katika matangazo ya kanisa letu, na yule ambaye hakutajwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.